Amri, Ruhusa na Shauri: Somo la Julai 2020

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike makala yenye mafunzo kwa gazeti hili, wenzangu wengi walichagua kilimo, michezo na vitabu. Mimi nimechagua maneno matatu tu: amri, ruhusa na shauri. Maneno haya tunayatumia kila siku hapa bwenini, na kila siku tunayachanganya. Mimi nilijifunza tofauti yake nikiwa na umri wa miaka 12, nyumbani kwetu Voi, na nilijifunza kwa kukosea.

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zote zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, na watu walikatazwa kuwa nje tangu saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Mwezi wa Aprili ikapigwa marufuku kuingia au kutoka Nairobi na viunga vyake, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi, na baadaye Mandera. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini abiria walizuiwa. Baba yangu ni mwashi, na kazi yake ilikuwa Mombasa. Kutoka Voi mpaka Mombasa ni mwendo wa saa chache tu kwa matatu, lakini kwa muda wa miezi 3 Mombasa ilikuwa kwetu kama ng'ambo ya bahari.

Tarehe 6 Juni masharti yalilegezwa kidogo: kafyu ikawa tangu saa 3 usiku mpaka saa 10 alfajiri. Halafu, tarehe 6 Julai, Rais akatangaza kwamba njia za Nairobi, Mombasa na Mandera zingefunguliwa kesho yake saa 10 alfajiri. Tuliyasikia hayo redioni. Mimi niliruka kwa furaha mpaka nikamwaga chai.

Sasa, ukiipima hotuba ile, utaona kwamba ndani yake mlikuwa na maneno ya namna tatu. Kulikuwa na amri: kafyu iendelee kwa siku 30 nyingine, barakoa zivaliwe, madrasa na shule za watoto za Jumapili zisifunguliwe. Kulikuwa na ruhusa: watu wasafiri, na nyumba za ibada zifunguliwe, ila watu wasizidi 100, ibada isizidi saa 1, na wasihudhurie walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Tena kulikuwa na shauri: kila mwananchi ajilinde na awalinde wengine kwa hiari yake, maana mambo yakiharibika njia zitafungwa tena.

Amri hukufunga mikono. Ruhusa hukufungulia mlango, lakini haikusukumi utoke. Shauri hukuacha na akili yako. Mathalani, mwalimu wa zamu akitupa ruhusa ya kwenda mjini Jumamosi, hakutuamuru kwenda, wala hakutuhakikishia kwamba barabarani hamna magari. Ametuambia tu kwamba tukienda hatutaadhibiwa. Aliye na kidonda mguuni ni juu yake kufikiri kama safari inamfaa.

Je, watu waliipokeaje hotuba ile? Kwa niliyoyaona na kuyasikia pale Voi, naweza kuwagawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni walioshangilia. Hawa walikuwa madereva na makondakta, wachuuzi wa vyakula kando ya barabara kuu, na watu ambao jamaa zao walikwama mbali. Tusiwacheke hata kidogo. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Matatu ya abiria 14 ilikuwa inachukua watu 8 tu, lakini nauli ya watu 8 ni afadhali kuliko gari lililoegeshwa.

Fungu la pili ni walioogopa. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye kupenda hesabu, aliuliza: "Njia za Nairobi zilifungwa wagonjwa wakiwa 158, zinafunguliwa wagonjwa wamepita 8,000. Hesabu gani hii?" Hakuna aliyemjibu pale dukani.

Fungu la tatu ni walioona kwamba maagizo yanapingana. Tarehe 7 Julai, siku ile ile njia zilipofunguliwa, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba shule zitabaki zimefungwa mpaka Januari 2021. Watu wakasema: mtoto aweza kupanda basi mpaka Nairobi, lakini hawezi kuingia darasani wala kanisani! Mimi nilikuwa Darasa la Saba, na maneno hayo yaliniingia sana. Lakini nikifikiri sasa, naona kwamba safari ni ya saa chache, na darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya 50 waliobanana kwenye madawati kutwa. Kwa hiyo huenda hapakuwa na upinzani wowote. Kosa, kama lilikuwapo, ni kwamba sababu hizo hazikuelezwa kwa maneno mepesi ambayo mama muuza mboga angeweza kuwaelezea wanawe.

Fungu la nne, nalo ndilo kubwa, ni waliodhani ugonjwa umekwisha. Hawa waliisikia ruhusa, wakaiacha amri na shauri redioni. Kesho yake barakoa nyingi zilikuwa zimeteremka kidevuni.

Wengine watauliza matokeo yalikuwa nini. Tarehe 27 Julai wagonjwa waliotambuliwa katika Kenya walikuwa wamekaribia 18,000, na Rais akapiga marufuku kuuza pombe katika mikahawa. Lakini wanafunzi tusiseme kuliko tunavyojua. Maradhi yalikuwa yakienea hata kabla ya njia kufunguliwa, kwa hiyo si haki kusema kwamba kila mgonjwa wa Julai aliletwa na basi.

Sasa nifike nyumbani kwetu. Baba alirudi tarehe 8 Julai, jua likielekea kuzama, na mfuko wa unga begani. Nyanya, ambaye alikuwa amezidi miaka 60 na ana ugonjwa wa kisukari, alitoka nje mikono wazi akiita, "Mwanangu! Mwanangu!" Mama akasimama kati yao.

"Mama, nisamehe," akamwambia nyanya. "Njia imefunguliwa, lakini ugonjwa haukuambiwa ubaki Mombasa." Kisha akamgeukia baba: "Baba watoto, nimekutandikia jiko la nje. Siku 14 tu."

Baba alinyamaza kitambo, akaweka unga chini, akaenda kunawa. Nyanya aliingia ndani akilia. Majirani walipopata habari walimwita mama mkatili. Walisema, "Rais mwenyewe amefungua, yeye ni nani afunge?"

Mimi nami nilisema hivyo hivyo moyoni. Usiku wa tatu, wote walipolala, nilinyemelea mpaka jiko la nje. Baba alinikaripia na kuniambia nirudi, lakini nililia, naye akashindwa. Nilikaa karibu naye muda mrefu akinisimulia habari za Mombasa. Halafu nikarudi kulala mahali nilipokuwa nikilala siku zote, yaani kitanda kimoja na nyanya.

Usiku ule ule nyanya alikohoa. Labda ulikuwa moshi wa kuni, labda vumbi, maana huku kwetu vumbi halikosekani. Lakini mimi nilikaa macho mpaka jogoo alipowika. Kwa usiku 11 uliofuata nilihesabu kikohozi chake kama mtu ahesabuye fedha ya mkopo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba Rais aliniruhusu kusafiri, lakini hakunipa ruhusa ya kuyaweka hatarini maisha ya nyanya. Ruhusa ya namna hiyo hakuwa nayo yeye, wala baba, wala mimi.

Siku 14 zikapita. Baba hakuugua, nyanya hakuugua. Majirani wakasema, "Mwaona? Mama huyu aliwatesa watu bure." Mama hakujibu. Lakini mimi nawauliza wasomaji: mtu aliyefunga mlango usiku, na mwizi asije, je, alifunga bure? Hatujui kama baba alikuwa na ugonjwa ule au hakuwa nao. Kinga ikifanikiwa haiachi alama, na kwa sababu hiyo wenye kuifanya hawapati shukrani.

Kanisa letu lilipofunguliwa, wazazi wangu walikwenda. Mimi nilibaki kwa sababu ya uchache wa miaka, na nyanya akabaki kwa sababu ya wingi wake. Tulikaa kivulini, yeye akaomba kwa sauti, mimi nikaitikia. Alipomaliza alimwombea mama yangu kwa jina. Tangu siku ile hakumnunia tena.

Mimi sikumwambia nyanya nilichofanya usiku ule. Nilirudi shuleni Januari 2021 nikiwa kimya, na sasa nina miaka 17 nikiwa kimya bado. Nyanya yu hai, na kila muhula hunitaka nimpelekee gazeti hili nimsomee. Safari hii nitamsomea makala haya mpaka mwisho, nami nitakubali atakalosema.

Wenzangu, siku zijazo tutapewa maagizo mengi, ya serikali na ya wakubwa wetu. Tukiyasikia, tuulize kwanza: hii ni amri, ni ruhusa, au ni shauri? Amri tuitii. Ruhusa tuipime. Shauri tulifikirie, hasa pale watakaoumia kwa kosa letu si sisi wenyewe.

Kwa wadogo zangu wa vidato vya chini, haya hapa maswali ya kujipima:

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe tofauti baina ya ruhusa na amri.
2. Yule mzee mwenye kupenda hesabu alikuwa na haki kuuliza swali lake? Toa sababu mbili.
3. Ungekuwa wewe mama yangu, ungefanya nini baba alipofika? Na kama ungekuwa nyanya?