Darsa la Malezi: Mtoto Hufuata Jicho Kuliko Sikio



Katika darsa zetu hapa Kimbo, upande wa Ruiru katika njia ya Thika, swali moja huulizwa mara kwa mara na wazazi wa mwambao waliohamia huku kutafuta riziki, nalo ni lile lile tulisikialo tukirudi Mombasa na Lamu: Mbona mtoto ameyahifadhi yote aliyofunzwa chuoni na shuleni, ukimwuliza ubaya wa uongo hujibu vyema, kisha akatoka nje akasema uongo? Wako wanaomlaumu maalimu, na wako wanaozilaumu zama. Sisi tumeona bora kuwaeleza wasomaji yaliyopimwa na wataalamu wa elimu ya nafsi, kwani baadhi ya uchunguzi wao ulifanywa papa hapa Kenya, na mafunzo yake yaingia kila nyumba.

Yatupasa kwanza tujue ya kuwa swali hili si geni. Katika Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima watoto wapatao 11,000, wakaanza kutoa matokeo yao mwaka 1928. Waliwapa nafasi ya kudanganya katika mitihani na michezo bila watoto kujua kuwa wanapimwa. Wakaona ya kuwa kuijua kanuni ya wema ni jambo moja, na kuitenda ni jambo jingine. Na mtoto mwaminifu mahali pamoja huenda akadanganya mahali pengine. Hii haina maana kuwa mafundisho ni bure. Maana yake ni kuwa mafundisho yahitaji kitu cha kuyashikiza. Na kitu hicho ni nini? Tutataja matatu.

La kwanza ni kielelezo. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua watoto wadogo 72. Watoto 24 walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa aliyejazwa upepo, akimtupa na kumtolea maneno makali. 24 walimwona mtu aliyetulia. Na 24 waliobaki hawakuonyeshwa mtu. Wale wa kwanza walipoachwa na mwanasesere, wengi waliiga mapigo yale, na wengine wakayarudia hata maneno yenyewe. Mwaka 1965 Bandura akaonyesha filamu ambamo mpigaji aliadhibiwa. Watoto walioiona adhabu hiyo waliiga kwa uchache zaidi. Lakini walipopewa zawadi ili waonyeshe walichokiona, walionyesha sawa na wenzao. Yaani adhabu ilizuia mkono, haikulifuta somo. Wako waliosema kuwa mwanasesere si binadamu, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ni mzazi gani asiyepata kuyasikia matusi yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwanawe?

La pili ni ahadi. Katika miaka ya mwisho ya 1960, Walter Mischel alimwekea mtoto kitamu mezani akamwambia: ukisubiri nirudi, utapata zaidi. Wengi wakadhani kuwa subira ile ni tabia tu ya mtoto. Lakini mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake huko Marekani walifanya jambo la busara. Waliwaahidi watoto 28 vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao wakaletewa, na nusu wakarudiwa kwa mikono mitupu na maneno ya kuomba radhi. Kisha ndipo wakawekewa kitamu. Katika watoto 14 waliotimiziwa ahadi, 9 walisubiri dakika zote 15. Katika 14 waliovunjiwa, alisubiri mmoja tu. Watoto hao ni wachache, lakini tofauti ni kubwa. Wale waliokula mapema hawakuwa walafi. Walikuwa wamekwisha kumjua mtu waliye naye. Basi tunapomwambia mtoto, “Nyamaza, nitakununulia,” na nia ya kununua hatuna, tunamfunza kuwa neno la mkubwa halina thamani. Ahadi ni deni, na mtoto ndiye mdai asiyeweza kwenda kwa kadhi.

La tatu ni kazi, na hapa ndipo uchunguzi wa Kenya unapotufaa zaidi. Beatrice Whiting na mumewe John waliongoza uchunguzi wa watoto wa jamii sita, wakautoa katika kitabu mwaka 1975. Mojawapo ilikuwa Nyansongo katika nchi ya Wagusii, na nyingine mji mdogo wa Marekani. Watoto wa Nyansongo walichunga ng’ombe, waliteka maji na kulea wadogo zao. Nao walionekana wepesi wa kuwasaidia na kuwaangalia wengine. Wale wa Marekani, ambao kazi zao zilikuwa chache, walielekea zaidi kutaka wao wasaidiwe na kuangaliwa.

Halafu Carol Ember alichungua wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, akaandika mwaka 1973. Nyumba nyingine hazikuwa na binti mkubwa, basi mvulana alipewa kazi zinazohesabiwa za kike. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wavulana wenzao. Nasi watu wa pwani tumezoea kumfukuza mvulana jikoni na kumwachia dada yake masufuria. Tumdhulumu binti kwa wingi wa kazi, na mvulana kwa kuikosa, kisha tuulize ukali wake umetoka wapi?

Beatrice Whiting alifanya uchunguzi mwingine Ngecha, karibu na Limuru, katika Kiambu hii hii iliyo na Kimbo. Huko, kadiri shule zilivyoenea, kina mama waliosifu utii, ukarimu na heshima walianza kutaka pia mtoto jasiri, mdadisi, mwenye kujiamini. Jambo hilo si baya. Hatari ni kuyapata haya kwa kuyaacha yale.

Mtasema: Kimbo hakuna ng’ombe, nyumba ni chumba kimoja au viwili, na mzazi hutoka alfajiri kwenda Nairobi akarudi usiku. Ni kweli. Lakini sahani zipo, mdogo wa kulishwa yupo, jirani mgonjwa wa kupelekewa uji yupo, na chenji ya mkate ya kurudishwa kamili ipo. Hatusemi mtoto afanywe mtumishi wala akoseshwe masomo. Twasema akabidhiwe amana iliyo kadiri ya umri wake, na wenye nyumba waihitaji kweli.

Basi wiki hii kila nyumba ijaribu mambo matatu: kazi moja kwa kila mtoto, wa kiume na wa kike sawasawa, ahadi moja ndogo itimizwe siku ile ile, na neno moja baya liachwe na wakubwa kwanza. Kisha tumwulize mtoto habari ya uongo, tukiwa na haki ya kumwuliza.