Jicho la Sungura na Jicho la Mfanyakazi: Lini Jaribio ni la Lazima?



Tunapojifunza falsafa ya maadili, mara nyingi tunachukua mifano mikubwa kama vita au adhabu ya kifo. Leo tuchukue mfano wa jikoni. Vanilini ni kemikali inayozipa keki na aiskrimu harufu ya vanila. Kwa asili imo katika maganda ya vanila, ila nyingi ya siku hizi hutengenezwa viwandani. Tunaila bila wasiwasi. Je, kuna haja gani ya kupima kama inawasha macho? Na ikiwa haja ipo, ipimwe kwenye jicho la nani?

1. Kwa nini kupima macho kwa kitu kinacholiwa?

Katika keki nzima vanilini ni kidogo sana. Lakini kiwandani yupo mtu anayefungua mfuko mzima wa unga huo na kuumimina kwenye mashine, na vumbi linapanda hadi usoni mwake. Vanilini safi huuzwa na karatasi ya usalama inayoonya kwamba inawasha macho vikali. Mara nyingi mfuko una alama ya mshangao ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye mstari mwekundu. Alama hiyo ndiyo inayomdai mwajiri atoe miwani ya kazi.

Basi kipimo cha macho kina lengo jema: kumlinda mfanyakazi. Hili tulishike, kwa sababu wapo wanaozungumzia mateso ya wanyama na kumsahau mtu huyu.

2. Jaribio la Draize

Mnamo mwaka 1933 nchini Marekani, rangi ya kupaka kope iliwapofusha baadhi ya wanawake. Tukio hilo lilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1938 ya chakula, dawa na vipodozi. Mwaka 1944 John Draize na wenzake, waliofanya kazi katika mamlaka ya serikali ya chakula na dawa, walitangaza njia ya kupima.

Njia yenyewe ni hii. Sungura mweupe hutiwa kiasi kidogo cha kemikali, mililita 0.1 ikiwa ni kimiminika, ndani ya kope la jicho moja. Jicho la pili huachwa ili kulinganisha. Mpimaji hutazama baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na anaweza kuendelea hadi siku 21. Hutoa alama kwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa iris, na kwa ngozi laini ya ndani ya kope. Jumla ya juu kabisa ni 110, na kati ya hizo 80 ni za konea. Dhara likipona ndani ya siku 21, kemikali huhesabiwa kuwa ya kuwasha. Lisipopona, huhesabiwa kuwa ya kuharibu jicho.

Kwa miaka mingi wanyama hao walipimwa bila dawa ya kutuliza maumivu.

3. Kanuni tuliyo nayo

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba wanyama wamewekwa kwa matumizi ya mwanadamu, lakini aliona pia kwamba anayezoea kuwatendea wanyama ukatili yuko karibu kuwatendea hivyo watu. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliliweka swali kwa mnyama mwenyewe: je, anaweza kuumia?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakubali majaribio kwa wanyama yakiwa ndani ya mipaka ya busara na yakisaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu (namba 2417). Mara moja inaongeza kwamba kuwatesa au kuwaua bila haja kunapingana na hadhi ya mwanadamu (namba 2418). Papa Fransisko aliyarudia mafundisho hayo katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015.

Tuyapange kama tunavyofanya darasani:

*Dai kubwa:* Kumtesa mnyama bila haja ni vibaya.
*Dai dogo:* Jaribio hili linamtesa mnyama bila haja.
*Hitimisho:* Basi jaribio hili ni vibaya.

Dai kubwa halibadiliki. Ubishi wote uko katika dai dogo, nalo haliwezi kuthibitishwa kwa falsafa peke yake. Ni lazima tuulize: leo kuna njia nyingine?

4. Njia nyingine zimepatikana

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walipendekeza hatua tatu: kubadilisha mnyama kwa njia nyingine, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Kwa upande wa macho, hatua hizo zimezaa matunda.

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilikubali mwaka 2009 kipimo kinachotumia konea za ng'ombe waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama. Hupimwa kama konea imepata ukungu na kama inapitisha rangi isiyopaswa kupita. Mwaka 2015 kikaja kipimo cha tishu iliyooteshwa maabara kutokana na seli za binadamu. Kemikali huwekwa juu yake, kisha huangaliwa ni seli ngapi zimebaki hai.

Hakuna kipimo kimoja kati ya hivi kinachojibu maswali yote, kwa hiyo huunganishwa. Mwongozo wa kumtumia sungura nao umekazwa. Kwanza zichunguzwe taarifa zilizopo, kisha vipimo visivyotumia mnyama aliye hai. Ikibidi sana, aanze sungura mmoja, akiwa amepewa dawa ya ganzi na ya maumivu. Sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inataka jaribio kwa mnyama liwe njia ya mwisho, na kampuni zishirikiane matokeo ili mnyama mwingine asiumizwe kwa swali lililokwisha kujibiwa.

5. Pingamizi moja

Mtu atasema: “Kama kitendo kilikubalika mwaka 1944 na leo hakikubaliki, basi maadili yanabadilika na nyakati.” Sivyo. Kanuni ni ileile. Mazingira ya kitendo ndiyo yamebadilika. Daktari aliyekata mguu zamani ili kuokoa uhai hakukosea, lakini anayeukata leo huku dawa ya kuuponya iko kabatini anakosea. Hivyo busara inatudai kujua. Kutojua njia iliyopo, wakati tungeweza kuuliza, hakutuondolei lawama.

Hitimisho

Hatulazimiki kuchagua kati ya jicho la sungura na jicho la mfanyakazi pale ambapo yote mawili yanaweza kulindwa. Penye njia ya kumlinda mtu bila kumtesa mnyama, neno “lazima” linakuwa kisingizio cha mazoea au cha gharama. Na mwajiri mwenye karatasi ya onyo ofisini, asiyetoa miwani, ameyafanya bure maumivu yote yaliyogharimia onyo hilo.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Kazini kwetu au nyumbani, ni kemikali gani tunazishika bila kusoma onyo lake?
2. Ikiwa lengo ni kuuza ladha mpya tu wakati za zamani zinatosha, je, sharti la namba 2417 limetimizwa?
3. Soma Mithali 12:10. Mwenye haki anajulikanaje kwa namna anavyomtunza mnyama wake?