Jasusi Ndani ya Kompyuta: Jinsi ya Kumtambua na Kumtoa

Tukizungumza kuhusu usalama wa pesa, wengi wetu hufikiria simu tu. Usimpe mtu PIN, usirudishe pesa "zilizotumwa kimakosa" kabla ya kuangalia salio. Hayo mmeyazoea. Leo hebu tuigeukie ile kompyuta iliyo dukani au mezani nyumbani, ile unayotumia kuangalia malipo ya till, kusoma barua pepe na kuchapisha risiti.

Programu ya kijasusi hukaa kimya ndani ya kompyuta na kumtumia mtu mwingine habari zako. Kuna zinazonasa kila herufi unayopiga kwenye kibodi, kuna zinazopiga picha za skrini. Lakini zilizosumbua watu zaidi miaka ya karibuni ni zile za kuiba na kuondoka. Inafungua kivinjari chako, inachukua manenosiri yote uliyokubali yahifadhiwe humo, inabeba na vidakuzi, kisha inamtumia mwenyewe mzigo wote kwa muda mfupi tu. Mojawapo, RedLine, ilianza kuonekana mwaka wa 2020. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi, wakishirikiana na FBI na nchi nyingine, waliivunja mitambo yake. Zipo nyingine za ukoo huo bado zinazunguka.

Vidakuzi ni nini? Fikiria ile bangili ya karatasi unayovalishwa langoni kwenye tamasha. Ukishaivaa, hakuna anayekuuliza tiketi tena. Kidakuzi hufanya kazi hiyo kwenye tovuti: ndicho kinachokuwezesha kufungua barua pepe asubuhi bila kuandika nenosiri upya. Mwizi akikipata, mara nyingi anaingia moja kwa moja, bila nenosiri na bila kuombwa nambari ya uthibitisho.

"Lakini PIN yangu naiandika kwenye simu!"

Kweli kabisa, na kompyuta haiioni PIN unayoandika kwenye simu. Ila jiulize maswali mawili matatu. Je, umeunganisha Google Messages na kompyuta ili usome SMS kwenye skrini kubwa? Basi hata nambari za uthibitisho zinaonekana hapo. WhatsApp je? Mtu anayeziona gumzo zako anajua nani anakudai na nani amezoea kukutumia pesa, na hiyo inamtosha kuandika "nitumie kwa hii namba nyingine" kwa lugha yako mwenyewe. Na barua pepe ndiyo mlango mkuu, kwa sababu karibu kila akaunti ukisahau nenosiri hutuma kiungo cha kuliweka upya huko.

Inaingiaje? Tuseme ukweli: njia inayoongoza kwa ubaya ni programu za bure ambazo hazifai kuwa za bure. Unatafuta Windows au Office bila leseni, unapata faili, na maagizo yake ya kwanza ni "zima antivirus". Hapo ungeondoka mbio. Nyingine huja kama kiambatisho cha barua pepe kinachoitwa risiti au oda, au kama kiendelezi cha kivinjari kinachoahidi kupakua video. Na ukinunua laptopu ya mtumba, iwe Luthuli Avenue au kwa rafiki, hujui nini kiliwekwa kabla yako. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini sisi tungeanza na Windows mpya kabla ya kuingia kwenye akaunti yoyote.

Dalili

Kompyuta kuwa nzito peke yake si dalili. Laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 na tabo ishirini zimefunguliwa itakuwa nzito hata kama ni safi. Yanayofaa kukushtua ni haya: antivirus imejizima na inakataa kuwashwa, kivinjari kinafungua ukurasa ambao hukuuchagua, kuna kiendelezi usichokijua, taa ya kamera inawaka wakati hupigi simu ya video, unaletewa taarifa kwamba mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka mahali hujawahi kufika. Hiyo ya mwisho ni nzito kuliko zote, maana zile za kuiba na kuondoka mara nyingi haziachi dalili nyingine.

Kumtoa

Zima Wi-Fi au chomoa modemu kwanza. Halafu, kabla hata hujagusa kompyuta, chukua simu na ubadilishe nenosiri la barua pepe ukitumia hiyo simu, kisha uchague kuondoka kwenye vifaa vyote. Ukilibadilisha kwenye kompyuta yenye jasusi, unampa jipya. Kwenye WhatsApp na Google Messages, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uviondoe. Kisha badilisha nenosiri la akaunti ya biashara na la benki.

Sasa rudi kwenye kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Angalia sehemu ya programu zinazowaka pamoja na kompyuta. Jina usilolijua lisikutie hofu papo hapo, Windows ina mengi ya ajabu. Liandike mahali ulitafute kwa simu. Kisha ingia Settings, sehemu ya Apps, panga programu kwa tarehe, uondoe zile ambazo hukuweka wewe. Fanya hivyo na kwenye viendelezi vya kivinjari. Kama kiendelezi ulichoondoa kinarudi, huenda kinaletwa na usawazishaji wa akaunti yako ya kivinjari, basi uzime kwanza.

Halafu washa intaneti kidogo, sasisha Microsoft Defender (imo ndani ya Windows 10 na 11, hulipii chochote), na kwenye Scan options chagua ukaguzi wa "offline". Kompyuta itazima na kuwaka yenyewe, na kazi huchukua kama dakika 15. Ukaguzi huu una nguvu kwa sababu unafanyika kabla Windows haijawaka, wakati jasusi bado hajapata nafasi ya kujificha. Na usipakue "kisafishaji" kutoka kwa tangazo lililojitokeza kwenye skrini likipiga kelele kwamba una virusi. Hilo ndilo lenyewe.

Ikiwa dalili zinarudi, usibishane nayo. Nakili hati na picha zako kwenye flashi, acha programu zote, kisha ufute kila kitu kupitia Settings, System, Recovery, "Reset this PC". Ni kazi ya nusu siku, lakini kwa kompyuta inayoshika pesa tunaona inafaa. Na kama bado uko Windows 10, kumbuka Microsoft ilimaliza utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhama ikiwa mashine inaweza.

Mambo mawili bado. Kama kompyuta ni ya mwajiri, usiondoe kitu, mwone mtu wa IT, maana huenda ni wao walioweka. Na ukishuku aliyeweka ni mtu wa karibu, piga picha za unachokiona kwa simu kabla ya kufuta. Kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018, na polisi watahitaji ushahidi.

Ukiona muamala usioujua kwenye akaunti yako, usisubiri kumaliza kusafisha kompyuta. Wasiliana nasi kwa simu papo hapo tuisimamishe akaunti, ukiwa na nambari ya muamala mkononi. Mhudumu wetu atakuuliza jina na muamala, PIN hataiuliza.