Gofu kwa Mkazi wa Hurlingham: Anzia Wapi?

Usianze kwa kununua fimbo. Seti nzima ni pesa nyingi, na seti nyingi huishia kulala kwenye buti ya gari. Teremka hadi Barabara ya Ngong, panda matatu, ushukie Racecourse. Ndani ya uwanja wa mbio za farasi kuna uwanja wa gofu na sehemu ya mazoezi. Komaa na fimbo namba 7 peke yake hadi mpira uzoee kunyanyuka.

Hapo ndipo ufikirie viwanja vya jirani. Railway, klabu ya 1922, iko upande wa Upper Hill. Royal Nairobi ni kongwe zaidi, ya 1906. Iko ng'ambo ya Barabara ya Ngong, ikipakana na Kibera, na hadhi ya kifalme ilipewa na George wa Tano mwaka 1935. Enzi hizo Mwafrika aliingia uwanjani kubeba mifuko tu. Ajabu ni kwamba ujuzi ulibaki huko huko kwa wabebaji, na wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kama makedi. Kwa hiyo ukikodi kedi, mwachie akusomee mteremko. Akisema mpira utakwenda kushoto huku wewe unaona kulia, piga anavyosema.

Karen isubiri. Ilifunguliwa 1937 kwenye lililokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, na miti yake haina huruma na mpira uliopotoka.

Kama wewe si mwanachama, piga simu kwanza na uombe siku ya kazi, maana wikendi ni ya wenyewe na mashindano yao. Vaa shati lenye kola, na jinzi uziache nyumbani. Ukiwa uwanjani, mpira ukitua karibu na shimo huacha kidonda kwenye nyasi. Chomeka kijiti pembeni, sukuma nyasi kuelekea katikati, kisha kanyaga kidogo.

Na jambo moja husahaulika. Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali. Ukishuka Nyali kule pwani, mpigo wako wa mita 150 utapungua kwa mita 10 hivi. Ukifika huko, chukua fimbo ndefu kwa namba moja.