Ukitekwa Kesho, Duka Litafunguliwa?

Juni 2017, Maersk, kampuni iliyokuwa ikiongoza duniani kwa usafirishaji wa makontena, iliokolewa na kukatika kwa umeme nchini Ghana. Virusi vya NotPetya viliingia kupitia programu ya mahesabu inayotumika Ukraine, vikasambaa katika ofisi za kampuni hiyo sehemu mbalimbali duniani na kuharibu maelfu ya kompyuta. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa takriban 150, kila moja nakala ya nyenzake, na kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa muda wote, zilikwenda kwa pamoja. Ikasalimika moja ya Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla virusi havijaifikia. Intaneti ya huko ilikuwa ya polepole mno kutuma data yote, basi mfanyakazi akasafiri na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake aliyepanda nayo ndege kwenda London.

NotPetya ilijifanya inadai fedha, ilhali kazi yake ilikuwa kuharibu. Virusi vinavyosumbua biashara ndogo kwa kawaida vinataka fedha kweli: vinafunga mafaili yako, kisha vinaacha ujumbe wa kudai malipo kwa bitcoin ili yafunguliwe. Hata hivyo, swali la kwanza la kujipima ni lile lile, uwe na meli mia au duka la jumla lenye kompyuta nne. Ni nakala ipi ya kumbukumbu zako ambayo mdukuzi hawezi kuifikia?

Wenye biashara wengi hujibu haraka kwamba bekapu ipo. Endelea kuuliza. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mhasibu mwaka mzima haikusaidii, kwa sababu virusi huiona kama folda nyingine tu na kuifunga pia. Folda ya Google Drive au OneDrive inayojilandanisha yenyewe ina udhaifu ule ule wa seva za Maersk: faili likiharibika dukani, lililoharibika ndilo linalopandishwa. Huduma hizo hutunza matoleo ya awali kwa muda fulani, na hilo limewaokoa wengi, ila mwenye neno lako la siri anaweza kuyafuta.

Kwa biashara ndogo, diski mbili za nje zinazopokezana zinatosha kuanzia. Moja inakaa kabatini ofisini, nyingine nyumbani kwa mwenye biashara. Jioni ya siku mliyopanga, iliyoko ofisini inachomekwa, data inanakiliwa, inachomolewa. Wiki inayofuata zinabadilishana. Kama mauzo yenu ni mengi kiasi kwamba wiki moja ya kumbukumbu ikipotea mtaumia, nakilini kila siku.

Hapo bado hujajipima. Kipimo chenyewe ni kuchukua kompyuta nyingine kabisa, isiyotumika kwenye biashara, na kujaribu kufungua leja ya mwezi uliopita kutoka kwenye ile diski. Hapa ndipo mambo huharibika. Unaweza kugundua kuwa kilichonakiliwa ni ikoni ya programu ya mahesabu, data yenyewe haimo. Au data imo, lakini namba ya leseni ya programu anayo kijana aliyeacha kazi. Andika saa ulizotumia hadi leja ilipofunguka. Kwangu mimi, namba hiyo inaeleza utayari wa biashara kuliko risiti yoyote ya kununulia kinga ya virusi.

Wakati kumbukumbu zinarudishwa, wateja watakuwa wamesimama kaunta. Je, bei zimechapishwa mahali? Orodha ya wadaiwa ipo kwenye karatasi? Bidhaa iliyoibwa huonekana rafu ikiwa tupu, lakini deni ambalo kumbukumbu yake imefungwa halionekani popote, na si kila mdaiwa atajitokeza kukukumbusha. Chapisha orodha hiyo kila wiki.

Kisha kagua milango wanayoingilia wadukuzi. Kampuni ya malori ya KNP ya Uingereza, ambayo historia yake ilianzia 1865, ilishambuliwa mwaka 2023 na kufilisika miezi michache baadaye; watu wapatao 700 walipoteza kazi. Inaaminika wadukuzi walibahatisha neno la siri la mfanyakazi mmoja. Kwetu mlango mwingine ni Windows na programu za mahesabu zilizovunjwa leseni. Familia ya virusi iitwayo STOP imesambazwa sana kwa njia hiyo hiyo: unapakua kifaa cha kuvunja leseni, na virusi vinakuja humo humo. Mwulize fundi wako waziwazi alikozitoa programu alizokuwekea. Mwulize pia kama aliacha AnyDesk au njia nyingine ya kuingia akiwa mbali, na neno lake la siri ni lipi. Ifunge njia hiyo leo, na uweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe ya ofisi. Karani wa mauzo asitumie akaunti yenye mamlaka ya kuweka programu.

Masasisho usiyaahirishe. Virusi vya WannaCry vilipozikumba zaidi ya nchi 150 Mei 2017, dawa ya tundu lililotumika ilikuwa imetolewa na Microsoft miezi miwili kabla.

Siku ikifika, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kwanza. Piga picha ujumbe wa wadukuzi kwa simu. Usikubali fundi apige Windows upya kabla mafaili yaliyofungwa hayajanakiliwa pembeni, maana mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi, na ufunguo ambao leo haupo unaweza kupatikana baadaye. Toa taarifa polisi. Zipo pia timu za kitaifa za kushughulikia matukio ya kompyuta: Tanzania ipo TZ-CERT chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na Kenya ipo KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuhusu kulipa, nashauri usilipe. Kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ililipa takriban dola milioni 4.4 mwaka 2021, ikapewa programu ya kufungulia iliyokuwa ya polepole kiasi kwamba kampuni iliendelea kutegemea nakala zake yenyewe.

Liko jambo moja ambalo nakala haziwezi kulitibu. Siku hizi wadukuzi huiba data kabla ya kuifunga, kisha hutishia kuianika. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 pale taarifa za watu zinapovuja na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nakala za vitambulisho vya wateja usizozihitaji tena, na ambazo sheria haikulazimishi kuzitunza, zifute sasa. Halafu panga siku ya jaribio la ile diski kabla mwezi huu haujaisha, na mhasibu awepo.