Gari Likisita Kuondoka: Sikiliza Injini Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Umesimama kwenye makutano mjini Isiolo, gia ya kwanza imeingia, unasubiri nafasi ya kuvuka barabara kuu. Lori la kutoka Moyale liko mbali, nafasi ipo. Unaachia klachi, unakanyaga mafuta, gari linaanza kutoka, kisha linalegea katikati ya barabara. Unaongeza mguu, na baada ya sekunde moja au mbili linaruka mbele kwa kishindo. Lori lenye shehena halisimami kwa sekunde mbili. Ndiyo maana nikimsikia dereva akisema gari lake limezoea kusita, la muhimu ni kulijulia tu, humsihi alichunguze siku hiyo hiyo.

Nami niliwahi kulijulia langu. Lilikuwa pikapu kuukuu ya petroli, na kila nilipoondoka ilijikunja hivyo. Fundi aliiendesha mita chache akasema klachi imekwisha. Gia boksi ikashushwa, klachi mpya ikawekwa, nikalipa. Kesho yake asubuhi pikapu ikasita vilevile. Baada ya wiki mbili fundi mwingine alifungua boneti, akapitisha vidole upande wa chini wa paipu ya mpira inayotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini, akakuta ufa wa urefu wa kidole. Injini ikiwa imetulia, ufa ulijifunga. Nilipoachia klachi, injini ilibeba uzito na kuinama kidogo kwenye mauntingi zake, kama kila injini inavyofanya, paipu ikavutika, ufa ukafumbuka, hewa isiyopimwa ikaingia. Klachi ile ya zamani haikuwa na kosa.

Kuondoka ni kazi nzito kwa gari la gia za mkono. Injini iko kwenye mizunguko 700 au 800 tu kwa dakika, na papo hapo inadaiwa isukume tani nzima au zaidi iliyokuwa imesimama. Udhaifu ambao usingeuhisi ukiwa kwenye mwendo wa 80 hujitokeza hapo. Wanaoweza kukosa ni watatu: injini inayoshindwa kutoa nguvu, klachi inayoshindwa kuzifikisha kwenye magurudumu, au breki inayolishikilia gari. Mguuni wote watatu huonekana sawa, gari haliendi. Masikioni hawafanani hata kidogo.

Kwa hiyo zima redio, teremsha kioo, tafuta barabara tambarare isiyo na watu, uondoke mara tano ukisikiliza injini katika ile sekunde ya kusita. Sauti ikipanda, injini ikilia huku gari likijikokota, nguvu zipo ila hazifiki: klachi inateleza. Sauti ikishuka, injini ikazama au ikakohoa au ikataka kuzima, klachi imeshika sawasawa na injini ndiyo inayoelemewa, ama kwa unyonge wake yenyewe ama kwa sababu magurudumu yameshikwa. Na kama gari zima linatetemeka huku sauti ikibaki palepale, tilia shaka pleti ya klachi iliyorushiwa oili au iliyoungua, au mauntingi za injini zilizokatika. Mshale wa mizunguko utakuonyesha hayo kwa macho, lakini magari mengi ya kazi hayana mshale huo, na sikio linatosha.

Andika pia ni lini linasita. Ni asubuhi injini ikiwa baridi, au saa nane mchana ikiwa imechemka? Likiwa tupu au lina magunia? Lilianza baada ya kujaza tenki? Baada ya safari ya Garba Tula au Oldonyiro kwenye vumbi? Fundi mzuri atakuuliza maswali hayo kabla ya kushika spana, na asiyeyauliza ni vyema umwambie mwenyewe.

Mahali nako kuna maana yake. Mji wa Isiolo uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kusini, ukapita Subuiga kuelekea Timau, unavuka mita 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, maana hewa yenyewe inapungua. Gari linaloondoka vizuri mjini lakini linalegea likiwa na mzigo juu Timau huenda halina ubovu wowote. Linaomba mguu mzito kidogo na mzigo mwepesi. Lakini linalosita kwenye tambarare ya Isiolo, au Archer's Post ambako ni chini zaidi, halina udhuru huo.

Tuseme sauti ilipanda. Kabla ya kukubali klachi ifunguliwe, bonyeza kanyagio lake kwa mkono. Mwanzoni lazima pawe na ulegevu mdogo, milimita 5 hadi 15 kwa magari mengi ya Toyota, kabla halijaanza kuwa gumu. Ulegevu ukikosekana, klachi inabanwa nusu muda wote hata mguu wako ukiwa mbali, na itateleza hata ikiwa mpya. Kuirekebisha ni kazi ya spana na dakika chache. Ulegevu ukiwepo, ijaribu kwenye mwendo: lami tupu, gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Injini ikipaa na mwendo ukabaki ulipokuwa, klachi imekwisha. Wapo wanaoweka breki ya mkono na gia ya tatu, kisha wanaachia klachi waone kama injini itazima. Jaribio hilo husema kweli, ila huiunguza klachi, na breki ya mkono ikiwa dhaifu gari humrukia aliyesimama mbele. Silipendi.

Ikithibitika, badilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, kwani kushusha gia boksi mara ya pili kwa ajili ya beringi moja ni hasara tupu. Mwambie fundi aikague sili ya nyuma ya injini gia boksi ikiwa chini. Ikivuja oili, itaiharibu na hiyo mpya. Na mikono isiwe na grisi anapoishika pleti. Kinachoiua klachi mapema kwenye miinuko ya kwenda Meru ni kubalansi: dereva amesimama mlimani, analishikilia gari kwa nusu klachi badala ya breki ya mkono, pleti inasuguana na kuungua huku gari halijasogea hata hatua.

Sauti ikishuka, anza na breki, kwa sababu kuzikagua hakugharimu kitu. Endesha kilomita chache ukizigusa kidogo iwezekanavyo, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kupita wenzake linashikwa. Mara nyingi ni waya wa breki ya mkono uliojaa vumbi na kukataa kurudi, au pistoni ya breki iliyoganda kwa kutu.

Breki zikiwa salama, ingia kwenye hewa, na hapa kwetu hapo ndipo ningekaa muda mrefu kuliko pengine pote. Vumbi la barabara zetu ni laini kama unga na huingia kila penye upenyo. Toa filta ya hewa uielekeze kwenye jua; mwanga usipopita kwenye karatasi yake, injini inapumua kupitia blanketi. Igongegonge kwa upole, au ipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Usiioshe kwa maji, na kamwe usiendeshe bila filta kwa kuwa eti gari linavuta vizuri zaidi. Vumbi hilo husaga ringi za pistoni, na gharama ya ringi huwezi kuilinganisha na ya filta.

Kisha ikague ile paipu ya mpira, upande wa chini hasa, ukiikunja kwa mkono, maana ufa wa aina niliyokueleza hauonekani paipu ikiwa imelala. Fuata na vipaipu vyembamba vya upepo. Joto letu hukausha mpira mpaka ukakakamaa, na mara nyingi utasikia mluzi mwembamba injini ikinguruma. Ili kuhakikisha, nyunyizia ukungu wa maji safi mahali unapopashuku, mbali na nyaya. Mngurumo ukibadilika, hewa inaingia hapo. Usitumie petroli kwa jaribio hili hata ukiona wengine wakifanya hivyo. Injini ya moto na mvuke wa petroli haviwekwi pamoja.

Mbele ya paipu iko throto, ule mlango mdogo wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ukingo wake ukijaa masizi meusi, hewa ile kidogo inayohitajika mwanzo wa kuondoka hupungua, na injini huzama hasa mguu ukiwa mwepesi. Husafishwa kwa dawa yake na kitambaa laini. Ikiwa ni ya umeme, usiisukume kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Sensa ya kupimia hewa iliyo karibu na filta hupuliziwa dawa yake maalumu tu, na waya wake mwembamba hauguswi.

Baada ya hewa, moto. Plagi zilizolika huweza kuwaka vizuri injini ikiwa haina mzigo, kisha zikashindwa pale inapobebeshwa uzito, na hapo injini inamisi. Kwa injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Probox nyingi, mwanya wa plagi ni kama milimita 1.1. Koili ikishukiwa, usiharakishe kununua nyingine: ihamishie kwenye silinda ya jirani. Kumisi kukihama pamoja nayo, umeipata. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari hurahisisha kazi hii, maana namba P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi, na P0171 husema hewa imezidi mafuta, yaani tafuta ufa au pampu dhaifu. Usikubali sensa ibadilishwe kwa sababu tu mashine imeitaja. Mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli juu ya kosa la mwingine.

Mafuta yenyewe huchunguzwa kwa geji. Kwenye 1NZ-FE msukumo huwa kati ya kilopaskali 304 na 343, na ukishuka wakati injini inabebeshwa mzigo, pampu imechoka au filta yake imeziba. Kama kusita kulianza siku ulipojaza tenki, fikiria pia mafuta yaliyochanganywa. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wanaoyachanganya na petroli na dizeli, na tozo ya kiasi hicho haiwekwi pasipo tatizo. Petroli yenye mafuta ya taa huifanya injini igonge ikielemewa na itoe moshi na harufu isiyo ya kawaida. Tunza risiti zako ujue ulijaza wapi.

Kwenye dizeli, njia ni fupi zaidi. Toa maji yaliyotuama chini ya filta, hakikisha hakuna upepo unaoingia kwenye paipu za mafuta, kisha tazama moshi wakati wa kuondoka. Mweusi mzito unasema hewa ni kidogo, basi rudi kwenye filta, na kwa injini ya tabo kagua mipira yake iliyochomoka au kupasuka. Mweupe unasema dizeli haiungui ipasavyo. Injini ikiwa baridi huo unaweza kupita wenyewe, ikiwa ya moto unahitaji fundi wa nozeli.

Rekebisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa siku moja, gari likapona, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na likirudia utalipa vyote upya. Jaribu mahali palepale liliposita, saa ileile, na mzigo uleule. Likiondoka vizuri kwenye tambarare, lipandishe hadi Subuiga, usimame pembeni kwenye mwinuko kwa breki ya mkono, mawe yakiwa nyuma ya magurudumu na mtu wa kuyaondoa akiwa kando, si nyuma ya gari. Kisha ondoka mara tatu, kioo kikiwa chini.