SOMO LA MAKATIBU: KUPAKIA TREKTA NA MITAMBO MIZITO JUU YA TELA



Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba, msimu wa kulima unapowadia, matrekta ya vyama vyetu huanza kuhamahama. Trekta lililolima Nyamagana wiki hii hutakiwa Misungwi wiki ijayo, na pengine Sengerema kabla mvua haijachanganya. Safari ndefu za namna hiyo hazifai kufanywa kwa magurudumu ya trekta lenyewe, kwa kuwa tairi za shambani huisha upesi juu ya lami, na mwendo wake wa pole huwasumbua wenye magari. Kwa hiyo chama hukodi lori lenye tela. Mkataba wa kukodi huandikwa kwa uangalifu: bei, siku ya safari, na nani atakayelipia mafuta. Lakini kuhusu ile nusu saa ya kupakia, ambayo ina hatari kuliko safari nzima, aghalabu hapaandikwi hata neno moja. Huachiwa dereva, utingo, na vijana waliokuwa karibu. Somo letu la leo lahusu nusu saa hiyo.

Tuanze na hesabu ndogo ambayo kila katibu anaiweza. Trekta la kawaida la nguvu ya farasi 75 huwa na uzito wa tani 2 na nusu hadi 3 na nusu. Tuchukue tani 3, yaani sawasawa na magunia 30 ya kilo 100. Tuseme sakafu ya tela iko mita 1 kutoka ardhini. Ukilipandisha trekta hilo kwa mbao zenye urefu wa mita 2, mteremko wake ni wa nusu kwa nusu: trekta litataka kurudi chini kwa nguvu ya kilo 1,500. Ukitumia mbao za mita 4, nguvu hiyo yapungua hadi kilo 750. Gawanya kimo cha sakafu kwa urefu wa mbao, kisha uzidishe kwa uzito wa chombo. Jibu ndilo utakalopambana nalo. Wako wanaojifariji kwa kuongeza watu wa kusukuma. Hata vijana kumi wenye afya hawawezi kuzizuia kilo 1,500 zinazorudi nyuma, na idadi yao huongeza tu hesabu ya watakaoumia.

Mbao fupi hupendwa kwa sababu ndizo zilizopo stoo. Lakini sisi watu wa Mwanza tumejaliwa miinuko kila upande, na njia iliyo bora kuliko mbao zote hutolewa na ardhi yenyewe. Tafuta ukingo wa ardhi ngumu unaolingana na kimo cha sakafu ya tela, lori lirudi kinyumenyume hadi sakafu iguse ukingo, na trekta liingie karibu sawasawa kama linaloingia uwanjani. Chama kinachohamisha trekta kila mwaka chaweza kujenga tuta lake la mawe na udongo ulioshindiliwa, kwa nguvu za wanachama wenyewe, kwa siku mbili au tatu. Ukilinganisha na gharama ya ajali moja, sioni sababu ya chama kukosa tuta.

Hali kadhalika utazame udongo chini ya magurudumu ya tela. Luseni ya vilimani hushika vizuri ikiwa kavu. Udongo mweusi wa mbuga ni mdanganyifu: asubuhi ni mgumu kama sakafu, na baada ya mvua ya saa moja gurudumu la upande mmja lazama na tela lalala. Tela lililoinama upande halipakiwi. Ni heri kungoja siku mbili, hata kama mkulima wa upande wa pili analalamika.

Sasa tufike mahali ambapo hata madereva wazoefu hupitiwa. Trekta linapoweka uzito wake kwenye ncha ya nyuma ya tela, hasa tela la ekseli moja, ncha hiyo hushuka na ile ya mbele huinuka. Ikiinuka, huinua nayo sehemu ya nyuma ya lori. Na katika malori mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Magurudumu hayo yakipungukiwa uzito, breki haina cha kushikilia. Lori huanza kusogea mbele polepole, mbao huchomoka, na trekta huanguka likiwa nusu juu nusu chini. Dawa yake ni nyepesi. Chini ya kila pembe ya nyuma ya tela iwekwe nguzo fupi ya mti mgumu au rundo la mbao nene, likazwe hadi liguse chuma cha tela. Kisha kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya lori na ya tela. Mawe ya mviringo yasitumike kuwa kabari. Mawe tunayo mengi kuliko mikoa yote, lakini jiwe la mviringo huviringika.

Kanuni ya kupanda ni kwamba upande ulio mzito wa chombo uelekee juu. Kwa trekta, uzito mkubwa uko nyuma. Kwa hiyo penye mteremko mkali trekta hupandishwa kinyumenyume, na hushushwa kwa kutanguliza pua. Likipandishwa kwa kutanguliza pua, magurudumu makubwa yakikwama huku injini ikisukuma, pua huinuka na trekta humpindukia dereva. Jambo hilo hutimia kwa muda usiofika sekunde 2, na dereva akishaanza kushangaa amekwisha kuchelewa. Sweden iliagiza mwaka 1959 kwamba matrekta yote mapya yawe na upinde wa chuma wa kumkinga dereva, na nchi nyingine zikafuata, kwa sababu vifo vya kupindukiwa vilikuwa vingi mno. Trekta lenu likiwa na upinde huo, dereva afunge mkanda. Bila mkanda hurushwa nje, na upinde ule ule waweza kumwangukia. Zaidi ya hayo, plau ifunguliwe kwanza, ipakiwe peke yake. Trekta lipande kwa gia ya chini kabisa, bila kubadilisha gia katikati ya mbao, na usukani usizungushwe likiwa juu ya mbao. Likikaa upogo, lishuke lote, lianze upya.

Katika ziara zangu za ukaguzi nilishuhudia chama kimoja, ambacho sitakitaja, kikipakia trekta jioni kwa haraka. Plau ya sahani tatu iliachwa nyuma ya trekta ili kuokoa muda. Trekta likapanda kwa pua. Katikati ya mbao magurudumu ya mbele yakaacha mbao, kama shibiri mbili. Dereva alikuwa hodari, akakanyaga klachi papo hapo. Pua ikarudi chini, lakini trekta nalo likarudi nyuma. Kijana aliyekuwa amesimama nyuma na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu, akapondwa mguu. Wiki ya pili niliitisha daftari la chama. Nilikuta mstari mmoja: "Kupakia trekta, vijana 6," na jumla ya fedha. Majina hayakuwamo. Mwenye lori akasema vijana ni wa chama. Mwenyekiti akasema waliitwa na utingo. Utingo akasema walikuja wenyewe. Mama wa yule kijana alikuwa ameketi nje ya ofisi akingoja jibu.

Ndugu Katibu, hapa ndipo kazi yako inapoingia, na haihitaji kujua kuendesha trekta. Kabla injini haijawashwa, andika jina la kila mtu atakayeshiriki na nani aliyemwajiri kwa siku hiyo. Andika pia jina la msimamizi mmoja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbebesha mwajiri wajibu wa usalama wa watu wake, na chama cha ushirika ni mwajiri kama wengine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, upo kwa ajili ya ajali kama hizo, lakini mtu asiyeonekana katika daftari lolote huwa vigumu mno kumtetea.

Msimamizi ndiye peke yake atoaye ishara, naye hutumia mikono, kwa kuwa sauti humezwa na injini. Asimame ardhini, mbele kidogo na kando, mahali ambapo dereva anamwona wakati wote. Asipande juu ya tela. Dereva asipomwona, asimame. Ishara ya kusimama peke yake yaweza kutolewa na mtu yeyote, hata mtoto aliyeona ubao unapasuka. Watu wengine wote wakae mbali kuliko kimo cha trekta na urefu wa mbao ukijumlisha. Nyuma ya chombo kinachopanda pasiwe na mtu, hata mwenye kabari. Watazamaji waondolewe. Najua ni vigumu, maana kwetu trekta likipakiwa kijiji kizima hutoka.

Chombo kikishakaa juu, kizimwe, gia iwekwe, breki ya mkono ivutwe, kisha kifungwe kwa minyororo minne, mmoja kila pembe, na kila mmoja ukazwe peke yake. Sheria za Marekani hutaka vifungo viweze kustahimili msukumo wa mbele ulio sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa trekta letu la tani 3, dereva akifunga breki ghafla, minyororo hubeba tani 2 na kilo 400. Kamba ya katani iliyokuwa ikifungia marobota haina nafasi hapo. Mnyororo ufungwe kwenye ekseli au fremu, usifungwe kwenye vyuma vya usukani wala kwenye tairi. Sisi wa ziwani tunafahamu afanyavyo mzigo uliozidi na usiotulia. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza watu kupita kiasi. Barabarani nako mzigo unaohama katika kona huongeza uzito upande ule ule ambao gari linaelekea kuangukia.

Minyororo hulegea mwanzoni mwa safari, tairi za trekta zinapobonyea na kutulia. Anayetoka mjini asimame Usagara, akaze upya. Zamani waendao Sengerema walilazimika kungoja kivuko pale Kigongo, na katika kungoja huko dereva mwenye busara alizunguka tela lake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori hupita moja kwa moja. Ni neema kubwa, lakini ukaguzi ule uliokuja wenyewe haupo tena. Lazima sasa uandikwe katika mkataba.

Kwa mitambo mizito zaidi, kama buldoza la tani 18 au 20, katibu aulize ekseli za tela kabla ya kukodi. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye tairi 4 hairuhusiwi kuzidi tani 10, ekseli mbili pacha tani 18, tatu tani 24, na gari zima tani 56. Injini za vinu zisizo na magurudumu zivutwe kwa kapi la mnyororo juu ya mabomba ya kuviringishia. Asikubali mtu kuzinyanyua kwa mabega.

Kushusha kuna taratibu zile zile: ardhi ngumu, nguzo chini ya tela, kabari, msimamizi mmoja. Minyororo ifunguliwe baada ya kabari kuwekwa chini ya magurudumu ya trekta, na mfunguaji asimame kando, kwa kuwa kikazio kilichobana huruka kwa nguvu kikiachiliwa. Kazi ikiisha, minyororo, nguzo na kabari vihesabiwe, virudishwe stoo, na mtunza stoo atie sahihi.